Siku nne Concord: shoka la kuazima na neno kujitegemea

Siku ya 1, Alhamisi. Lowell mpaka Acton

Nimeanza kutembea saa mbili na nusu asubuhi, begi mgongoni, chupa mbili za maji, chapati nne za jana usiku na hili daftari. Ukitoka hapa Lowell, jimbo la Massachusetts huku Marekani, kwenda Concord kwa gari ni kama nusu saa tu, lakini mi nimeamua kwenda kwa miguu, kwanza kwasababu mwaka mzima sijatembea zaidi ya kutoka kituo cha basi mpaka mlango wa kazini, pili kwasababu watu ninaowafuata walikuwa watembeaji kweli kweli, kwao kutembea ilikuwa ni kazi, siyo mazoezi.

Niseme mapema kinachonipeleka. Nina miaka sita Marekani, nabeba boksi kama wanavyosema nyumbani, ila boksi langu ni wazee, nawahudumia usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naipenda ile kazi na wale wazee nawapenda. Lakini baba yangu ni seremala, Lushoto, mi nimekulia kwenye vumbi la randa, na moyo wangu uko kwenye mbao. Nimepata nafasi ya kwenda kujifunza kwa mafundi wanaojenga nyumba za mbao kwa viungo bila misumari. Familia haitaki. Kaka yangu mkubwa ameshanitumia fomu ya kusomea unesi mara tatu, kwenye grupu la ukoo wameshakaa kikao wakamaliza, nesi ndiyo heshima, nesi ndiyo hela. Nimechukua ofu siku nne nikatafute kichwa changu kiko wapi.

Na kwanini Concord? Ni kwa ajili ya neno moja, kujitegemea. Sisi tuliosoma shule Tanzania hilo neno tumekua nalo. Azimio la Arusha 1967, Ujamaa na Kujitegemea, mwaka huohuo Mwalimu akaandika Elimu ya Kujitegemea, na wengi tulilielewa kwa jembe la shamba la shule. Kwahiyo siku nilipokuta maktaba kwamba mzee mmoja wa Concord anaitwa Ralph Waldo Emerson aliandika insha ya kujitegemea mwaka 1841, nikajua namjua huyu, tunaongea lugha moja. Nikaisoma mara mbili, nikagundua haongelei nilichokuwa nadhani. Kwa Mwalimu anayejitegemea ni sisi, taifa, kijiji, tusiishi kwa kutegemea hela za wageni. Kwa Emerson anayejitegemea ni wewe peke yako uliyesimama hapo na unachokiamini, hata kama kijiji chote kinakutazama vibaya.

Kundi la Emerson na wenzake walianza kukutana 1836 na mwaka huo ndiyo Emerson akatoa kitabu chake kidogo kuhusu maumbile. Waliitwa watransendentali, jina gumu, lakini fundisho lenyewe hata bibi yangu angelielewa: kuna ukweli unaovuka macho na masikio, na kila mtu ana mlango wake wa kuufikia, ndani ya nafsi yake, bila kupita kwa mchungaji wala profesa. Na msitu, mto, mvua, theluji, hivyo siyo mapambo, hivyo ni mwalimu. Emerson mwenyewe alikuwa mchungaji Boston, mke wake wa kwanza akafa kwa kifua kikuu 1831 akiwa na miaka 19 tu, mwaka uliofuata akaacha kanisa kwasababu hakuweza kuendesha meza ya Bwana huku moyo haumo. 1838 akaenda Harvard kuwahutubia wahitimu wa theolojia akawaambia yaliyomo moyoni, na Harvard hawakumwalika tena kwa karibu miaka 30. Yaani alilipa.

Njia yenyewe ni reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, inaitwa Bruce Freeman, inaanzia Lowell inapita Chelmsford, Westford, Carlisle, Acton inaingia Concord. Oktoba hii majani ya mepo yamewaka, mekundu, machungwa, mengine ya njano kama manjano ya pilau, na yanadondoka bila upepo, moja, kimya, halafu jingine. Kindi wanakatiza wamejaza mashavu. Nimekaa kwenye gogo nikala chapati mbili nimeangalia bwawa na bata bukini wake, nafikiri ni nusu saa nzima sikugusa simu.

Kitu ambacho nimekuwa nakifikiria njiani ni kitambaa. Lowell ni mji wa viwanda vya pamba, maghorofa ya matofali mekundu bado yako pale kando ya mto Merrimack. Bibi yangu kile kitambaa kigumu cheupe kisichopakwa rangi alikuwa anakiita merikani, na mi utotoni sikuwahi kujiuliza kwanini. Ni kwasababu kilitoka huku. Miaka ileile ya Emerson, meli za Salem, mji wa hapahapa Massachusetts, zilikuwa zinakwenda Unguja kwa Sayyid Said, zinapeleka merikani zinarudi na pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, mkataba wao ni wa 1833. Na pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kwahiyo wakati hawa wanaongelea uhuru wa nafsi huku msituni, kitambaa cha mkoa wao kilikuwa kinavaliwa Pangani. Sisemi hivyo kuwahukumu, nasema tu kwamba hakuna msitu uliojitenga na dunia.

Jioni nimefika Acton, zaidi ya maili 10, miguu inawaka. Nalala kwa dada mmoja Mkenya niliyefanya naye kazi zamani. Kanifungulia mlango kaangalia viatu vyangu kasema, "Kwani ulikuwa serious? Si ungenipigia nikuchukue?" Ugali na sukuma wiki viko mezani. Nimekula nimelala.

Siku ya 2, Ijumaa. Concord mjini

Dada kanishusha mjini akienda kazini. Concord ni mji mdogo, msafi, wa watu wenye nazo. Kwenye hiki kidaraja cha North Bridge walipigana siku ya kwanza kabisa ya vita yao ya uhuru, tarehe 19 Aprili 1775, na pembeni yake kuna nyumba ya babu yake Emerson, humo ndani ndiyo aliandika sehemu kubwa ya kile kitabu cha maumbile. Nimepita tu, mawazo yangu yalikuwa makumbusho.

Makumbusho ya Concord wameweka samani za chumba cha kusomea cha Emerson, na wameweka meza ya Henry David Thoreau. Huyu Thoreau ndiye niliyemfuata hasa. Emerson alisema, Thoreau akafanya. Alizaliwa hapahapa 1817, mtoto wa mtengeneza penseli. Watu wakimsikia wanafikiri ni mtu wa vitabu aliyekimbilia porini, hapana, alikuwa fundi. Yeye ndiye aliyeboresha penseli za baba yake kwa kuchanganya grafiti na udongo wa mfinyanzi, alikuwa mpima ardhi, alijenga uzio, alipiga rangi nyumba za watu. Hiyo meza ni ya kijani, ndogo, ya mteremko, imechubuka kwenye kingo pale mkono unapolala. Nimeinama kuangalia kwa karibu mpaka mlinzi akanisogelea. Ni kazi ya kawaida ya fundi wa kawaida, haina madoido, na imebeba maandishi yaliyotikisa dunia.

Pale uwanja wa katikati ya mji kuna alama ya jela aliyolala. Julai 1846, konstebo alimdai kodi ya kichwa, yeye alikuwa hajalipa miaka kadhaa kwasababu serikali inayolinda utumwa na inayopigana Mexico hakutaka hela yake iiguse. Akalala ndani usiku mmoja. Asubuhi kuna mtu ameshamlipia, inaaminika ni shangazi yake, na yeye alikasirika kweli. Hapo nimesimama muda mrefu. Maana mi nawajua hao mashangazi! Anakulipia kwa upendo, hakuulizi, na hapohapo amekunyang'anya neno ulilotaka kulisema. Hoja iliyotoka kwenye ule usiku mmoja ilichapishwa 1849, Gandhi akaja kuisoma akiwa Afrika Kusini, Martin Luther King akaisoma chuoni. Usiku mmoja.

Mchana nimepanda makaburini, Sleepy Hollow, kuna kilima cha waandishi. Emerson amewekewa jiwe kubwa halijachongwa, la waridi na weupe. Thoreau, kajiwe kadogo kameandikwa Henry basi, na watu wanaacha penseli pale chini, nyingi, za kila aina. Alikufa 1862, kifua kikuu, miaka 44. Shangazi yake alimuuliza kama ameshapatana na Mungu, akajibu hakujua kama waliwahi kugombana.

Mi mfukoni nilikuwa na penseli bapa ya useremala, ile isiyobingirika ukiilaza kwenye mbao. Baba huwa anaweka sikioni, mpaka kanisani. Nilikuwa nayo toka Lushoto, imebaki nusu. Nimeilaza pale kati ya zile za wengine.

Usiku tumekula tukabishana na dada. Nimemsomea sehemu ya Emerson ambayo inaniuma, pale anapokataa wanaomwambia ana wajibu wa kusaidia maskini wote, anauliza, kwani ni maskini wangu? Anasema kila dola anayowapa wasiomhusu anaitoa kwa kinyongo, na anakiri kwamba mara nyingine anashindwa anaitoa, lakini anaiita dola ovu. Dada kaweka kijiko chini. "Huyo hakuwahi kuchangiwa harambee. Mimi nauli ya ndege ya kuja huku ilitoka kwa kijiji mzima." Na mi niko upande wake hapo kabisa. Ada yangu ya kidato cha tano ililipwa na mjomba aliyeuza ng'ombe. Sisi tunasema mtu ni watu, na mkataa kwao mtumwa. Emerson hapo amekosea, nasema wazi, na nafikiri amekosea kwasababu alirithi hela za marehemu mke wake, zikampa utulivu wa kuandika, halafu kwenye hiyo insha akasahau kwamba na yeye alibebwa.

Lakini kuna methali nyingine bibi alikuwa anatuimbia, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Zote mbili ni zetu. Usingizi umechelewa.

Siku ya 3, Jumamosi. Walden

Nimefika ziwani saa moja asubuhi geti linafunguliwa. Mvuke ulikuwa umelala juu ya maji kama shuka, jua linaupenya kutoka upande wa barabara, na maji chini yake meusi hayatikisiki. Halina mto unaoingia wala unaotoka, ni shimo lililoachwa na bonge la barafu enzi za barafu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ekari 61 tu. Nilikuwa nafikiria kitu kikubwa kama Victoria, kumbe unaliona lote kwa jicho moja.

Nimevua viatu nikaingia mpaka magotini. Baridi inakata, lakini maji ni safi kiasi kwamba nilikuwa naona kucha zangu na mchanga unavyojipanga mistari mistari, na kasamaki kamoja kakaja kakasimama karibu na kifundo cha mguu wangu, kanatikisa mapezi tu, hakaendi mbele wala nyuma, kama kananisoma. Nikabaki vilevile mpaka miguu ikafa ganzi.

Nikazunguka kwa njia ya msituni, mipaina na mialoni, mpaka pale kilipokuwa kibanda alichojijengea Thoreau akaishi humo. Kibanda chenyewe hakipo. Msingi wa bomba la moshi ulikuja kufukuliwa 1945, sasa wamesimika nguzo fupi za mawe kuonyesha kilivyokaa, na pembeni kuna rundo la mawe ambalo watu wanaongezea toka 1872. Futi 10 kwa 15. Niliingia katikati nikapima kwa hatua zangu. Chumba changu cha kupanga Lowell ni kikubwa kidogo kuliko hapo, na yeye nyumba nzima ilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu, aliandika kila kitu kwenye kitabu chake, Walden, mbao, misumari, chokaa, bawaba, na akasema mwanafunzi wa Harvard analipa dola 30 kwa mwaka kupanga chumba tu.

Aliingia tarehe 4 Julai 1845, akatoka 6 Septemba 1847. Ardhi ilikuwa ya Emerson.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hiki ndicho kilichonileta. Mwisho wa Machi 1845 Thoreau alikwenda msituni kukata mipaina ya nyumba yake, na shoka alikuwa ameazima. Mtu wa kwanza duniani tunayemtaja tukitaja kujitegemea, siku ya kwanza ya kazi, shoka si lake! Na halifichi hilo, analisema mwenyewe, anasema alilirudisha likiwa kali kuliko alivyolipewa. Mbao akanunua kibanda cha mfanyakazi wa reli, Mwairishi, kwa dola 4 na robo, akakibomoa akakausha mbao juani. Na Mei, kusimamisha fremu, aliita watu waje kumsaidia, Emerson akiwemo. Kule kwetu Lushoto tunaita msaragambo. Anasema kabisa hakuwaita kwa kuwahitaji sana bali kwa ajili ya ujirani mwema.

Watu wanamcheka mpaka leo, eti alikuwa anaenda kula kwa mama yake, eti nguo alifuliwa, eti msitu wenyewe dakika ishirini tu kutoka mjini. Mi nikisimama pale sioni cha kumcheka. Hakuwahi kusema ataishi bila watu. Nyumba yake ilikuwa na viti vitatu, na alieleza: kimoja cha upweke, viwili vya rafiki, vitatu vya wageni. Kuazima shoka hakuna shida. Kuazima mbao, nauli, ada, hakuna shida, rudisha likiwa kali. Kitu alichokataa kuazima ni macho.

Mfano ni hilihili ziwa. Watu wa Concord waliamini halina mwisho, vizazi na vizazi, wapo waliolala kifudifudi kwenye barafu wakachungulia wakaapa hakuna chini. Mwanzoni mwa 1846 barafu ikiwa bado imeganda, Thoreau akachukua kamba ya kuvulia na jiwe la ratili moja na nusu, akatoboa matundu zaidi ya mia, akapima. Futi 102. Basi. Kamba ilikuwepo kila nyumba na mawe yapo kila mahali. Wote walikuwa na uwezo wa kupima na hakuna aliyepima, kwasababu kila mmoja alikuwa anaegemea imani ya mwenzake. Hicho ndicho Emerson alichokuwa anakipigania kwenye ile insha, na pale anaposema kila moyo unaitikia uzi mmoja wa chuma, jiamini, anasema chukua kamba yako ukapime.

Kuna jambo moja la huyo Mwairishi limenikaa. Familia ile ilitoka alfajiri, wamebeba kila walichonacho kwenye furushi moja kubwa, kitanda, kinu cha kahawa, kioo, kuku, paka wao akakimbilia msituni. Thoreau anawasimulia haraka haraka, anaendelea na mbao zake. Mi nimehama mara nne toka nimekuja nchi hii, najua furushi moja linavyobeba nyumba. Nilitamani angewauliza wanakwenda wapi.

Mchana nikarudi upande wa barabara, karibu na maegesho wamejenga mfano wa kile kibanda, na sanamu yake iko nje. Ndani kitanda, meza, viti vitatu, jiko dogo la chuma. Wageni wanaingia wanapiga selfi wanatoka. Mi nilipanda macho juu kwenye fremu. Thoreau anaandika kwamba kila nguzo aliichonga tundu na ulimi kwa uangalifu, ndiyo viungo vilevile baba alinifundisha, unachora kwa penseli bapa, unatoboa, unasafisha pembe kwa patasi, ulimi unachongwa ukaze lakini usipasue, ukigonga na nyundo ya mti unasikia sauti inabadilika, inakuwa nzito, hapo umekaa. Nimeweka kiganja kwenye nguzo ya pembeni pale inapokutana na boriti. Nikapiga picha sita nikamtumia baba WhatsApp. Kule ilikuwa jioni, tiki moja tu, labda umeme umekatika.

Siku ya 4, Jumapili. Kilima cha Brister, na treni

Hii siku sikuipanga, nilipanga kurudi asubuhi. Jana mfanyakazi mmoja pale Walden alipojua natoka Tanzania akaniambia nisiondoke bila kwenda Robbins House na kilima cha Brister. Namshukuru.

Robbins House iko karibu na lile daraja la vita. Ni nyumba ndogo ya mbao ya mwanzoni mwa miaka ya 1800 ya watoto wa Caesar Robbins, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa na akapigana kwenye vita ya uhuru ya Marekani. Mjukuu wake Ellen Garrison akawa mwalimu, na 1866 alikaa kwenye chumba cha abiria cha kituo cha treni Baltimore, wakamtoa kwa nguvu, akaenda mahakamani kujaribu sheria mpya ya haki za raia. Mama yake alikuwa kati ya wanawake walioanzisha chama cha kupinga utumwa cha Concord 1837, pamoja na mama yake Thoreau na dada zake. Wanawake ndiyo waliowasukuma akina Emerson. 1844 Emerson alipokuja kuhutubia dhidi ya utumwa, hakuna aliyekuwa tayari kupiga kengele kuita watu, Thoreau akaenda akaivuta kamba mwenyewe.

Halafu nikatembea mpaka kilima cha Brister, kwenye ukingo wa msitu wa Walden, kuna njia ya kutembea pale. Massachusetts utumwa ulipokufa miaka ya 1780, weusi wa Concord waliachwa huru bila shamba bila chochote. Wakaachiwa kujibanza huku msituni kwasababu udongo wake ni mchanga tu, hakuna mzungu aliyeutaka. Thoreau anawataja kwenye kitabu chake, hiyo nampa heshima, bila yeye majina mengine yangepotea. Brister Freeman, aliyejipa mwenyewe hilo jina Freeman, mtu huru, alipanda miti ya matofaa. Cato Ingraham aliiacha miti yake ya jozi ikue ili imfae uzeeni, mzungu mmoja akaja kuichukua. Na Zilpah White.

Huyu mama Zilpah siwezi kumtoa kichwani. Aliishi peke yake kwenye kijumba kidogo pembeni kabisa ya pale Thoreau alipokuja kulima maharage yake. Alikuwa anasokota kitani cha watu wa mjini, na alikuwa anaimba kwa sauti kali mpaka msitu unaitika. Wakati wa vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, wanajeshi wa Kiingereza, mateka walioachiwa kwa ahadi, walichoma nyumba yake akiwa hayupo, paka, mbwa na kuku wakaungua wote. Aliendelea kuishi hukohuko msituni mpaka akafa 1820, zaidi ya miaka 80.

Thoreau alikaa miaka miwili na miezi miwili kwa kupenda, mji ukiwa mgongoni kwake. Zilpah alikaa miaka na miaka kwasababu hapakuwa na kwingine, na hatusikii kama kuna aliyekuja kusimamisha fremu naye. Tungeulizana nani alijitegemea kwenye huu msitu, mi namtaja yeye kwanza. Lakini sitaki kumfanya sanamu ya ushujaa, kwasababu nahisi angependa sana awe na viti vitatu na watu wa kuvikalia. Hapo ndipo nilipoona methali za bibi hazigombani. Kutelekezwa siyo kujitegemea. Mtu anayesimama na akili yake mwenyewe anahitaji ardhi ya kusimamia, na ile ardhi ni watu wake, na hao watu nao wakubali kwamba kichwa ni cha kwake. Nilikaa chini ya mwaloni nikaimba wimbo mmoja wa Kisambaa ambao bibi alikuwa anaimba akichambua maharage. Polepole mwanzoni, halafu kwa sauti. Hakukuwa na mtu.

Treni ya kwenda Boston nimeipanda Concord mchana, nitabadilisha North Station nipande ya Lowell. Nilikaa dirisha la kushoto kwasababu reli inapita ukingoni mwa Walden, ilipita hapo hata enzi zake, alikuwa anasikia filimbi yake. Dakika tatu nne hivi kutoka stesheni maji yakatokea kati ya miti, bluu sasa, jua la mchana, watu wawili wanaogelea, halafu miti, basi.

Nikafungua simu. Kwenye grupu la ukoo wanachangishana matibabu ya shangazi, nikatuma ya kwangu, zaidi ya niliyopangiwa, na nilituma kwa moyo mweupe. Halafu nikamwandikia kaka pembeni: "Shikamoo kaka. Fomu ya unesi sitajaza. Naenda kujifunza useremala, naanza Januari, mchango wangu nyumbani hautapungua, nitaongeza shifti za wikiendi. Nimefikiria sana, naomba mnielewe." Nikaisoma mara tano. Nikatuma. Tiki mbili za bluu, hajajibu.

Tulipokaribia kituo cha Porter ikaingia meseji ya baba, umeme umerudi. Hakuuliza niko wapi wala nafanya nini. Alikuwa amekuza ile picha ya kiungo akaichora duara jekundu.

"Huu ulimi wamechonga na mashine au mkono?"

"Hii ni ya mfano baba, sijui. Ila ya kwanza jamaa alichonga kwa mkono, na shoka."

"Shoka lake?"

"La kuazima."

"Alirudisha?"